Kuipanda Cayolle kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kipito kimya cha Alps ya kusini mwa Ufaransa

Simama kando ya barabara mjini Barcelonnette asubuhi yoyote ya Julai uwahesabu waendesha baiskeli. Wengi wataelekea kijiji cha Jausiers kuutafuta mlima wa Bonette, kwa sababu barabara yake inafika mita 2,802 na mabango yake yanajisifu kwamba Ulaya nzima hakuna ya juu zaidi. (Kule Veleta, Hispania, lami inapanda juu kuliko hapo, lakini bango haliapishwi.) Wengine watashika njia ya Allos. Wachache sana, mmoja mmoja, wataingia korongo la mto Bachelard kwenda Cayolle. Haya nayaandika kwa ajili ya hao wachache.

Col de la Cayolle ni kipito, yaani pengo kati ya milima ambamo barabara inavukia kutoka bonde moja kwenda jingine. Neno col utaliona kwenye kila kibao huko. Kimo chake ni mita 2,326. Kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mercantour, iliyoanzishwa mwaka 1979, na kinatenganisha wilaya ya Alpes-de-Haute-Provence na Alpes-Maritimes. Tour de France ilikipita mara ya kwanza mwaka 1950 na imerudi mara chache mno, ndiyo maana jina lake halivumi. Malori hayafiki. Kuna dakika utasikia cheni yako, maji ya mto na pumzi zako, basi.

Utulivu huo una bei yake, na bei yenyewe ni kwamba pale ambapo hakuna magari hakuna pia duka, wala fundi, wala mara nyingi mtandao wa simu. Karibu kila nitakachokueleza hapa chini kinatokana na jambo hilo moja.

Uamuzi wa kwanza: upande gani

Kuna pande mbili. Ukitokea kaskazini, Barcelonnette (kama mita 1,130), ni takriban kilomita 29 hadi juu, na utapanda karibu mita 1,200. Wastani wa mwinuko ni asilimia 4 (kila mita 100 za njia unapanda mita 4), lakini usiuamini wastani: kilomita 20 za kwanza hadi kitongoji cha Bayasse ni za kujikokota polepole, kisha kilomita 9 za mwisho zinapanda kwa asilimia 6, na vipande vya 7 na 8 hapa na pale. Ukitokea kusini, Saint-Martin-d'Entraunes (kama mita 1,040), ni kilomita 20 na ushee kwa wastani wa asilimia 6 na zaidi. Huko mlima haukubembelezi.

Mimi nashauri kaskazini kwa anayekwenda mara ya kwanza. Barcelonnette ni mji wenye vitanda, mafundi baiskeli, maduka ya vyakula, na unakupa kilomita 20 za kuupasha mwili moto kabla ya kazi kuanza. Halafu mji wenyewe una kisa. Katika karne ya 19 vijana wa bonde hili la Ubaye walihamia Meksiko, wakatajirika kwa biashara ya vitambaa, na baadhi yao wakarudi kujenga majumba ya kifahari ambayo hadi leo yanaitwa majumba ya Wameksiko. Yatazame jioni ukiwa unanyoosha miguu. Ni sawa na kukuta jumba la mfanyabiashara wa Muscat limekaa peke yake katikati ya Usambara.

Kufika na kuingia

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Soma kama inahusu baiskeli milimani, kwa sababu zipo zinazoufuta mchezo huo kwa herufi ndogo za ukurasa wa mwisho.

Stesheni ya treni iliyo karibu kwa matumizi ya kawaida ni Gap. Treni ya usiku ya Paris kwenda Briançon husimama hapo. Kutoka Gap kuna basi hadi Barcelonnette. Kabla hujakata tiketi uliza kama basi hilo linabeba baiskeli siku hiyo, na ukiweza njoo na mfuko wa kuifungia. Baiskeli iliyovuliwa magurudumu na kuwekwa mfukoni ni mzigo kama mizigo mingine, na dereva hana la kubishana nawe.

Lini

Theluji huifunga barabara hii kuanzia Novemba hivi hadi Mei, pengine hadi Juni. Bondeni, mwanzo wa barabara, kuna kibao kinachoonyesha hali ya kipito: Ouvert maana yake kiko wazi, Fermé kimefungwa. Kikisema Fermé usijidai shujaa. Ukizunguka kizuizi utakutana na mawe yaliyoporomoka na barafu mahali ambapo hakuna atakayekutafuta.

Wakati wangu ni nusu ya pili ya Juni au wiki tatu za kwanza za Septemba. Juni mito imejaa na maua yametapakaa. Septemba hewa ni safi na wenye magari ya likizo wamekwisha kurudi kazini. Julai na Agosti panapandika vizuri, ila mchana huleta radi. Kiangazi pia kuna asubuhi chache ambazo vipito vya Ubaye hufungiwa magari kwa zamu ili waendesha baiskeli wapite peke yao, Cayolle ikiwemo. Ofisi ya utalii ya Barcelonnette hutoa tarehe.

Kanuni ya saa ni rahisi: uwe umeondoka saa moja asubuhi, na kufikia saa saba mchana uwe umekwisha kuondoka juu. Mawingu ya radi milimani huanza kama pamba ndogo saa nne, na saa nane yanaweza kuwa juu ya kichwa chako.

Baiskeli

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua gia ndogo kuliko unayodhani unaihitaji. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio hukata kama mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na meno 34 kwenye gia ya mbele, ile ya pedali, na 34 kwenye gia ya nyuma, kila ukizungusha pedali unasogea hizo mita 2.1, ukizungusha mara 70 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya mtu wa kawaida penye mwinuko wa asilimia 8. Sasa weka meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwa kasi ileile utazungusha mara 45 tu, kila mkanyago ukiwa kama kusukuma mkokoteni wa maji, na magoti yatakudai deni hilo jioni. Sijapata kumwona mtu juu ya mlima akijuta kwamba gia yake ilikuwa ndogo mno.

Tairi ziwe za upana wa milimita 28 au zaidi, zisiwe zimeliwa. Pedi za breki ziwe nene. Kagua spoku moja moja kwa kidole, na mwombe fundi akutazamie kile kipande cha chuma kinachoshika gia ya nyuma, maana hupindika ndani ya ndege bila mwenyewe kujua. Kikipinda, siku utakayotafuta gia ndogo kabisa ndiyo siku cheni itaingia kwenye spoku.

Ukikodi baiskeli huko, kabla ya jambo jingine lolote bonyeza breki moja moja. Baiskeli nyingi za Ufaransa, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Zile zilizofungwa kwa desturi ya Kiingereza, ambazo wengi wetu tumekulia nazo, ya mbele iko mkono wa kulia. Mwili haukumbuki maelezo, unakumbuka mazoea: ukishtuka kwenye kona utaubana mkono uliouzoea, na kama huo ndio wa mbele bila wewe kujua, unaweza kuruka juu ya usukani. Mwombe mwenye duka abadilishe, au zunguka mjini nusu saa ukifunga breki kwa makusudi mpaka vidole vijifunze.

Na upande wa barabara ni kulia. Ukitokea Goma, Kigali au Bujumbura hilo halina shida. Ukitokea Dar, Mombasa au Kampala, kosa halitatokea penye magari, ambapo unawafuata wengine. Litatokea asubuhi, njia tupu, baada ya kusimama kupiga picha. Unapanda baiskeli, unaondoka, uko kushoto, na kona iko mbele.

Sheria nyingine chache. Spika za masikioni ni marufuku kwa mwendesha baiskeli tangu 2015. Kengele ni lazima. Nje ya mji usiku, au ukungu ukishuka, ni lazima uvae fulana ya kuakisi mwanga. Kofia ngumu sheria inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 12 pekee, ila wewe ivae.

Cha kubeba

Chupa mbili za maji, kila moja mililita 750. Tyubu mbili za akiba, viraka, pampu, seti ya spana ndogo, kipande cha kuungia cheni. Taa ya mbele na ya nyuma. Koti jepesi la mvua, glavu za vidole vizima, kitu cha kufunika masikio. Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya kuondoka. Namba ya dharura ni 112. Na fedha taslimu, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni wa mlimani hana wajibu wa kuwa na mashine ya kadi inayopata mtandao.

Watu hucheka nikiwaambia glavu mwezi Julai. Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6 au 7 kila ukipanda mita 1,000, hivyo asubuhi ya nyuzi 16 mjini itakuwa nyuzi 8 juu, na hapo hujahesabu jasho na upepo wa kushuka kwa kilomita 40 kwa saa. Mara yangu ya kwanza nilibeba fulana moja. Niliposhuka vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata breki nikawa nazivuta kwa kiganja, na nikasimama kila kona kuvipulizia kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi.

Chakula: nunua jana yake. Duka la mkate la Kifaransa kijijini hufunga mchana, na Jumatatu huenda lisifungue kabisa. Mwili unaopanda unataka kama gramu 60 za wanga kila saa, yaani ndizi moja na tende kubwa mbili. Tende ndizo rafiki wa kweli hapa, haziyeyuki, haziharibiki, na dukani huko zipo. Ongeza kipande cha mkate wenye jibini cha kula juu. Anza kula dakika 40 baada ya kuondoka, hata kama tumbo halijaomba.

Kupanda

Toka Barcelonnette kwa D902 kuelekea kusini. Karibu na Uvernet barabara inagawanyika: D908 inakwenda Allos, wewe baki D902. Watu hupotea hapa kwa sababu bado wanapiga soga.

Mara tu baada ya hapo kuta za mawe zinakubana. Hili ndilo korongo la Bachelard. Barabara ni nyembamba, inavuka mto huku na huku, jua halijaingia. Mwinuko ni mdogo, na hapo ndipo mtego ulipo: miguu mipya itakuambia kimbia. Kataa. Kipimo changu ni kusema sentensi nzima kwa sauti bila kukatika pumzi, ukishindwa, punguza. Magari ni machache lakini kona hazionyeshi mbele, kwa hiyo kaa kulia kwako na usiikate kona kwa ndani hata kama kumekuwa kimya kwa nusu saa.

Korongo likifunguka utaona malisho, nyumba za mawe za kijiji cha Fours, na misonobari ya aina ya mélèze, ambayo tofauti na misonobari mingine hupukutisha majani yake kila mwaka baada ya kugeuka rangi ya dhahabu mwezi Oktoba. Bayasse, mita 1,783, ndipo pa kusimama. Nyumba chache tu. Jaza chupa ikiwa kuna bomba lisilo na kibao cha Eau non potable, maneno yanayomaanisha maji si ya kunywa. Usiinywe mito hata ikiwa mieupe kama kioo, maana juu yake kuna kondoo. Kaa dakika kumi, kula, shusha gia.

Kilomita 9 zinazofuata ndizo Cayolle yenyewe. Miti inaisha, kona zinaanza kujikunja, na unaona juu vipande vya barabara ambavyo bado hujavifikia. Usivitazame. Tazama jiwe la kilomita linalofuata. Hapa hewa imepungua na utaisikia, hasa ukiwa mtu wa Tanga au Zanzibar. Mtu wa Iten, aliyezoea kulala mita 2,400, atashangaa fujo zote hizi ni za nini. Ndiyo maana kulala usiku mmoja au miwili Barcelonnette kabla ya siku yenyewe kunasaidia.

Utasikia mluzi mkali. Si mtu. Ni marmoti, mnyama mnene wa kufanana na pimbi, akiwaonya wenzake kwamba umefika. Ukiinua macho, pengine utamwona tai mla mifupa.

Mbwa wa kondoo

Mbwa mwitu walirudi Mercantour mwaka 1992, wakitokea upande wa Italia, na wachungaji wakarudisha mbwa wakubwa weupe wanaoitwa patou. Patou hana mafunzo ya kuuma watu, ana mafunzo ya kulala na kondoo tangu mtoto na kuwaona kama ndugu zake. Kitu kinachokuja kwa kasi kwake ni adui.

Ukimwona, simama. Shuka. Weka baiskeli kati yako na yeye. Sema naye kwa sauti ya chini, lugha yoyote, mimi huzungumza Kiswahili na haijaleta mgogoro. Usimkazie macho, usiinue fimbo wala jiwe, usirudi kwa kasi. Atakuja, atanusa, atabweka, atarudi kwa kondoo wake. Tembea ukilizunguka kundi kwa mbali, upande tena likiwa nyuma yako. Na usijaribu kumshinda mbio. Kwenye mwinuko wa asilimia 7 wewe unakwenda kilomita 9 kwa saa.

Juu

Kilele hakina maduka ya sumaku za friji. Kuna kibao, nyasi, na upepo. Vaa koti kabla ya kupiga picha, maana jasho linapoa haraka kuliko unavyofikiri. Kula mkate wako. Mahema hayaruhusiwi hapa: katika eneo la ndani la hifadhi unaweza kulala nje kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu asubuhi tu, na lazima uwe umbali wa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabarani au mpaka wa hifadhi. Moto na droni havitakiwi.

Kushuka

Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Upande wa kusini ni mwembamba zaidi, una kona kali mfululizo, changarawe, na samadi ya kondoo ambayo ikilowa huteleza kama sabuni.

Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kwa breki zote mbili. Ndani ya kona achia. Macho yatazame unakotaka kutokea, si ukingo unaouogopa, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Mguu wa nje uwe chini na uzito wako juu yake. Usishike breki mfululizo kwa kilomita nzima. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili rimu au diski zipate kupoa. Vidole vikianza kufa ganzi, simama. Hakuna anayekuwekea saa.

Baada ya kilomita 6 au 7 uko Estenc, mita 1,800 hivi, na hapo pana chemchemi ya mto Var. Kiangazi huwa pana pa kula, ila nenda kama vile hapatakuwepo. Kabla hujasema lolote kwa yeyote sema bonjour. Anayeanza na swali bila salamu huko huonekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Kutoka hapo una njia tatu. Waweza kugeuka na kurudi Barcelonnette. Waweza kuendelea hadi Saint-Martin-d'Entraunes, ushike Col des Champs kisha Col d'Allos, urudi Barcelonnette kwa upande mwingine: kama kilomita 120 na zaidi ya mita 3,000 za kupanda kwa siku, na kama huna uhakika kwamba unaiweza, basi huiwezi. Niipendayo mimi ni ya tatu, kuufuata Var. Unapita Entraunes, Guillaumes, kisha korongo la Daluis ambako mawe ni mekundu kama udongo wa Voi na mahandaki mafupi yanafuatana (washa taa, vua miwani ya jua). Ukitoka Daluis magari yanaongezeka, na chini zaidi bonde la Var ni barabara kuu isiyo na raha. Usimalizie hapo. Panda treni ndogo ya Chemins de fer de Provence, Entrevaux au Puget-Théniers, hadi Nice. Nafasi za baiskeli ni chache, hivyo uliza siku iliyotangulia. Reli inafuata mto karibu muda wote. Maji ambayo asubuhi pale Estenc uliyavuka kwa hatua moja, jioni utayaona yamekuwa mto mpana wenye visiwa vya kokoto, yakiingia baharini pembeni mwa uwanja wa ndege.